Siku binti yangu alipowekwa chini kwenye mkeka

Binti yangu alizaliwa njiti. Wiki 32, kilo moja na gramu mia sita, tukakaa wodini wiki tatu namlea kifuani ngozi kwa ngozi, ile wanaita kangaroo, ambayo ilianzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za kuwatunzia njiti zilikua hazitoshi, na mi naelewa vizuri hazitoshi maana yake nini maana wodini kwetu watoto wawili walikua wanalala mashine moja. Siku tunaruhusiwa ananyonya vizuri, macho yako wazi, mi nikajua kazi kubwa imeisha.

Mwezi wa nne shingo haijakaza. Nikasema njiti huyu. Mwezi wa sita shingo bado inayumba, hajipindui, nikasema njiti. Mwezi wa nane watoto wa wenzangu wanakaa kwenye beseni wanacheza na vijiko, wangu nikimkalisha anaanguka kama gunia la mkaa lisilojaa, na akilia miguu inanyooka inakua migumu kama fimbo. Kila mwezi kliniki nilikua naenda, anapimwa uzito, kadi inaandikwa, chanjo, foleni inasogea. Nikiuliza nesi ananiambia mama mtoto anapanda uzito vizuri, hao njiti wanachelewa, atakuja tu. Simlaumu peke yake, foleni ilikua ya watu sabini na yeye mmoja, lakini ukweli ni kwamba kwa mwaka mzima hakuna mtu hata mmoja aliemtoa mwanangu kwenye kanga akamlaza akamwangalia anavyojisogeza. Alikua anapimwa tu kama mchele.

Nyumbani sasa ndo kulikua na maneno. Kwa wasiojua, huku kwetu mtoto asipokaa wala kutembea kwa wakati watu wanasema amebemendwa, yani mama yake au baba yake kakiuka masharti, katoka nje ya ndoa au wamekutana mapema kabla mtoto hajakua, na lawama hiyo karibu siku zote anabebeshwa mama. Mama mkwe hakunisema usoni. Alikua anasema na majirani nikiwa nafua, sauti ya kutosha niisikie. Nilipelekwa kwa mzee mmoja akanipa mizizi ya kuchemsha nimwogeshee mtoto siku saba. Nikaogesha, siku zote saba, maana ukishaambiwa kosa ni lako utafanya chochote.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mama mwenye kijana aliezaliwa na mguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani. Yeye alishazunguka sana hospitali na huyo kijana, kila wiki kubadilishwa plasta, mguu unarudishwa kidogo kidogo bila upasuaji mkubwa, ile njia ya daktari Ponseti wa chuo kikuu cha Iowa, alafu vile viatu vyenye chuma katikati, miezi mitatu ya mwanzo saa 23 kwa siku, baada ya hapo anavaa akilala mpaka afike kama miaka minne. Kijana sahivi anacheza mpira. Basi siku hiyo amenikuta namwogesha binti, akaona miguu inavyojikata kama mkasi na vidole vimechongoka vinaangalia chini, akasimama pale mlangoni kimya, alafu akasema, "Mama, kesho usiende kazini, mpeleke kwa fizio." Ndo mara ya kwanza nasikia kwamba fizio, yani mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, ni kwa ajili ya watoto wachanga, mi nilijua ni kwa wazee waliopata stroku na wachezaji wa mpira.

Alikua na miezi 13.

Nataka niieleze hiyo siku vizuri kwa sababu kina mama wengi wananiuliza kule wanafanya nini, wanaogopa, wanadhani mtoto atachomwa sindano au atavutwa viungo. Ni chumba kina mkeka mkubwa wa rangi, mipira mikubwa, kioo ukutani kimewekwa chini usawa wa mtoto. Fizio alikua kijana, nikamwita dokta, akasema sawa mama karibu kaa, kaa naye hapo hapo kwenye mkeka. Hakumgusa mtoto. Zaidi ya dakika 20 tunaongea tu na yeye macho yako kwa mtoto. Akaniuliza mimba ilikua wiki ngapi, alilia alivyotoka au alichelewa, alikaa oksijeni siku ngapi, alipata manjano, alishawahi kupata degedege, anakula nini, anakabwa akila, analala vipi, analia nikimvalisha nepi. Hilo la nepi nililishangaa. Nikamwambia ndio dokta miguu haifunguki ni vita kila siku. Akaandika.

Alafu akafanya kitu ambacho kingefanywa miezi mingi nyuma, akahesabu umri wake kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Akasema huyu kawahi wiki 8, kwahiyo tunampa miezi miwili yake, hatumpimi kama wa miezi 13 tunampima kama wa miezi 11. Moyo wangu ukatulia kidogo. Alafu akasema, lakini mama hata tukimpa hiyo miwili, mtoto wa miezi 11 anakaa mwenyewe. Shirika la afya duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, vipimo vikatoka mwaka 2006, na kukaa bila kushikiliwa kunaanzia karibu miezi minne mpaka miezi tisa na siku kidogo. Kutembea mwenyewe kunaenda mpaka miezi 17 na nusu, kwahiyo huko hatuna haraka. Na kutambaa ndo usikutie presha kabisa, kuna watoto karibu 4 katika 100 hawakutambaa na wakatembea vizuri tu. Ila kukaa, amepitwa. Na kuzaliwa njiti ni sababu ya kumwangalia mapema, siyo sababu ya kumsubiri.

Hiyo sentensi nilitoka nayo.

Baada ya hapo ndo akaomba kumshika. Kwanza alipasha mikono kwa kuisugua. Akamlaza chali akamwacha na njuga, akaangalia mkono gani unafata, akaniuliza siku zote anatumia huu wa kulia? Nikajibu kwa fahari, ndio, wa kulia huyo. Kumbe mtoto chini ya mwaka akichagua mkono mmoja tu siyo sifa, ni alama kwamba ule mwingine unaweza kua na shida, kwahiyo akaupima wa kushoto kwa makini mpaka akaridhika kwamba upo, mvivu kidogo ila upo. Akamshika mikono miwili akamvuta taratibu kutoka kulala kuja kukaa, kichwa kikabaki nyuma kikaja mwishoni. Akambeba kwa tumbo hewani kama ndege alafu akamwinamisha ghafla kuelekea mkekani, mi nikapiga kelele, akanionyesha: mtoto wa umri wake akiona anaanguka anatanguliza mikono kujikinga. Wangu mikono ilibaki imekunjwa kifuani.

Miguu ndo alikaa nayo muda mrefu. Alishika unyayo akaukunja kuja juu taratibu sana, ukaja, ukaja mpaka mwisho. Nikasema unaona unakunjika. Akasema subiri. Akarudia haraka, na ukakwama katikati, kama mlango wenye jiwe chini yake, alafu mguu ukaanza kupiga-piga wenyewe, tap tap tap tap, mkononi mwake, mtoto mwenyewe anaangalia njuga hana habari. Akachukua mkono wangu akauweka pale nihisi. Akaniambia msuli wenyewe haujafupika bado, ndo maana taratibu unakubali. Tatizo linatoka juu, ubongo unatuma amri ya kukaza kwa nguvu na haujui kutuma ya kulegeza. Ukiacha hivi hivi miaka miwili mitatu, msuli utafupika kweli na hapo hata taratibu hautakuja. Tumewahi, hatujawahi sana, lakini tumewahi.

Akapima mzingo wa kichwa kwa futi kamba, akafungua nyonga kulia na kushoto akilinganisha, akaandika nyuzi ngapi. Mwisho akaniambia sasa mama mnyanyue, mvalishe, mbebe kama unavyombeba siku zote, mimi nakuangalia. Nikamnyanyua kwa kwapa kama kawaida, miguu ikanyooka ikajikata. Hapo nikajua hata mimi nilikua napimwa.

Alinipa rufaa ya kwenda kwa daktari wa watoto, na ni daktari alieandika lile neno, mtindio wa ubongo, wa miguu zaidi kuliko mikono, ambao kwa njiti unatokea sana kwa sababu sehemu ya ubongo inayopeleka amri miguuni ndo laini zaidi kipindi kile cha wiki 32. Nililia kwenye daladala kuanzia stendi mpaka Mbagala. Lakini niseme ukweli, katika kile kilio kulikua na kitu kingine kama mzigo kushuka, kwa sababu nilikua na karatasi inayosema ni jeraha la ubongo lililotokea wakati anazaliwa au karibu na hapo, na hakuna popote palipoandikwa jina langu.

Kuna kina mama mmeambiwa msubiri mpaka mtoto afike miaka miwili ndo ijulikane kama ana mtindio. Hiyo ni ya zamani. Mwaka 2017 wataalamu wakiongozwa na Iona Novak wa Australia waliandika wazi kwamba kwa watoto wengi inaweza kutambulika kabla ya miezi sita ya umri uliorekebishwa, yani ule wa kumpunguzia njiti wiki alizowahi, na hata kama haijathibitishwa mtoto anatakiwa aanze tiba huku uchunguzi unaendelea. Ukiona shingo haijakaza mwezi wa nne, ngumi zimefungwa muda wote, miguu inajikata, au kinyume chake amelegea kama kitambaa, nenda. Usiombe ruhusa kwa mtu.

Sasa mazoezi. Mi nilifikiri nitakua nampeleka, wanamkanda, wananirudishia mtoto anatembea. Fizio akaniambia kwa upole, mama, mimi nitakua naye nusu saa kwa wiki, wewe uko naye hizo saa nyingine zote, kwahiyo kazi yangu ni kukufundisha wewe. Na kumkanda na mafuta ya nazi, akasema endelea, analala vizuri na anakufurahia, ila usitegemee kumfundisha kukaa kwa kumkanda. Mtoto anajifunza kwa kufanya mwenyewe akitaka kitu. Ukimkunja mguu mara mia ni wewe umefanya zoezi.

Kwahiyo tulianza na nepi. Niliacha kupanua magoti kwa nguvu. Unakunja kwanza nyonga, magoti yanakuja tumboni, unatikisa kiuno kidogo kulia kushoto, unasubiri, miguu inafunguka yenyewe. Wiki moja tu vita vya nepi viliisha. Alafu kumbeba. Nilikua naona aibu kumbeba mgongoni mtoto mkubwa, fizio akaniuliza mbeleko unayo? Akaniambia hiyo mbeleko ni dawa, miguu imepanuka imekumbatia kiuno chako, nyonga zimekaa mahali pake, kichwa kinajifunza kujisimamia unavyotembea, na mikono yako iko huru. Bibi zetu walikua na kifaa bora kuliko vingi vya dukani. Kwa muda mfupi, alisema, siyo kutwa nzima, maana anahitaji na chini.

Chini ndo kulikua shule. Mkeka, kifudifudi, khanga imekunjwa kama mto mwembamba chini ya kifua, mikono mbele, na mbele yake siyo midoli ya bei, ni mfuniko wa sufuria unaong'aa. Dakika tatu analia, namtoa. Kesho nne. Mwezi wa pili anakaa robo saa anapiga mfuniko na mwiko nyumba nzima hatusikilizani. Kiti tulitengeneza cha maboksi, makaratasi yamegandishwa kwa uji wa ngano tabaka juu ya tabaka mpaka kikawa kigumu kama mbao, kina kona nyuma ya kushikilia mabega, na kigingi katikati ya mapaja kimefungwa sponji ili miguu isijikate. Meza mbele. Nyayo zikanyage chini kabisa, magoti na nyonga zikunjike nyuzi 90 kamili, hilo alisisitiza sana. Siku ya kwanza kakaa pale akashika kipande cha papai akajilisha mwenyewe, alikua na miezi 17, usoni kote papai, na mimi nimesimama na kijiko mkononi sina kazi nacho.

Woka zile za magurudumu nilishanunua. Akaniambia iuze au itupe. Inamfundisha kusukuma kwa vidole vya miguu, na vidole ndo adui yetu, alafu zinapinduka, Kanada wameshazipiga marufuku kabisa tangu 2004. Nilikubali kwa shingo upande maana ilikua hela yangu.

Mama mkwe. Mwezi wa tatu wa mazoezi nilikua naumwa sikuweza kumpeleka, akaenda yeye. Sijui waliongea nini huko, mi najua alirudi jioni akaniambia unamnyanyua vibaya, chuchumaa kwanza, mgongo utaharibika. Basi. Hajawahi kuniomba radhi na mi sijawahi kumdai. Ila tangu siku hiyo zoezi la kukaa kwenye paja, mtoto anageuzwa kidogo kulia kidogo kushoto ili ajibalansi, ni lake saa kumi kila siku, na anaimba. Nikilichukua mimi mtoto analia.

Splinti za miguuni, vile vishikizi vya kuweka unyayo na kisigino sawa, tulipata akiwa na mwaka na miezi minane, za plastiki, zimetengenezwa kwa kipimo cha mguu wake. Tulilipa wenyewe na ilituumiza, tuliuza redio. Mnaoanza: soksi ya pamba isiyo na mikunjo, kisigino kikae mpaka chini kabisa kabla hujafunga mkanda, na ukivua angalia ngozi. Wekundu ukipotea ndani ya nusu saa ni kawaida, usipopotea usimvalishe tena, rudi zikachongwe. Mwanzo saa moja, alafu mbili, unapanda. Na watoto wanakua, kila baada ya miezi michache zinabana, huo ni mtaji wa kuutafuta mapema.

Kusimama tulimsimamisha kwenye fremu ya mbao, fundi wa mtaani aliitengeneza kwa mchoro wa fizio, mkanda kwenye nyonga, mkanda kwenye magoti, meza mbele. Hapo anachambua maharage. Kweli kabisa, mtoto wangu alijifunzia kusimama dede kwenye kazi ya kuchambua maharage, maana akisimama tu bila kazi analia na akiwa na kazi anasahau kama amesimama.

Mtu akikuahidi atakutembezea mtoto kwa miezi mitatu muulize anajuaje. Kuna kipimo cha ngazi tano kilichotoka Kanada mwaka 1997, kinaangalia mtoto anafanya nini mwenyewe siku za kawaida, ngazi ya kwanza anatembea bila msaada, ya tano anahitaji kubebwa na kushikiliwa kila mahali. Wangu akiwa na miaka miwili na nusu walimweka ngazi ya tatu, yani atatembea na kifaa cha kushikilia. Niliuliza je akifanya mazoezi zaidi atashuka mpaka ya kwanza. Fizio alikaa kimya kidogo, akaniambia wengi wanabaki kwenye ngazi yao, mazoezi yanamfanya awe bora kabisa ndani ya ngazi hiyo, asiumie, asipinde, aende anapotaka kwenda. Namshukuru hadi leo. Angenidanganya ningezunguka kwa matapeli nchi nzima.

Mnaouliza waende wapi, kwa Dar kuna hospitali ya CCBRT Msasani na MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Moshi hospitali ya KCMC, Mwanza Bugando, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha fizio, anzia hapo karibu kwanza kwa sababu nauli ndo inayowatoa kina mama kwenye tiba kuliko kitu kingine chochote. Nenda na kadi ya kliniki, na karatasi ya kutoka wodini alipozaliwa kama unayo. Na mrekodi video kwa simu nyumbani, akicheza, akila, akivalishwa, maana hospitalini atalia tu na fizio ataona mtoto anaelia.

Sahivi ana miaka minne na miezi miwili. Ana kigari chake cha chuma cha kusukuma, anakivuta nyuma yake siyo mbele, ndo aina aliyoandikiwa ili mgongo unyooke. Anatoka mlangoni anaenda mpaka genge la mama muuza nyanya, kama hatua sitini, anarudi amechoka jasho linamtoka na nyanya mbili kwenye mfuko uliofungwa kwenye chuma. Alhamisi tuna eksirei ya nyonga, wanaiangalia kila mwaka maana kwa watoto wa ngazi yake mfupa wa paja unaweza kutoka taratibu kwenye kikombe chake bila hata maumivu mwanzoni, na mara ya mwisho wa kushoto ulikua umesogea kidogo. Bibi yake kasema anakwenda na sisi.